Senkondo Aliyefuga Siku Nane

Paukwa!

Pakawa!

Aa, huo ni mwitiko wa watu wenye njaa. Sogeeni karibu na moto. Wewe mwenye mahindi, yageuze yasiungue. Haya tena. Paukwa!

PAKAWA!

Hapo sawa. Sasa tunaweza kwenda.

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walisema na watu na watu hawakushangaa, aliishi mlimani Upare mwanamume mmoja jina lake Senkondo, pamoja na mkewe Nakiete. Senkondo alikuwa fundi wa kuchonga. Alichonga vinu, alichonga vigoda, alichonga mizinga ya nyuki, na kazi yake ilisifiwa mpaka ng'ambo ya mlima. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuisifu.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kashamba kadogo. Migomba michache, maharage, na zizi. Humo zizini Nakiete alifuga ng'ombe mmoja, mbuzi mmoja, punda mmoja na bata mmoja. Basi. Ng'ombe aliitwa Sikudhani, mwekundu, mpole, mwenye kiwele kama mtungi. Mbuzi aliitwa Kidawa, na hakuna jambo duniani ambalo Kidawa hakuwa na neno la kusema juu yake. Punda aliitwa Taratibu. Bata aliitwa Bi Mashavu, na alitembea kama mama mkwe anayekuja kukagua nyumba.

Watu walimcheka Nakiete. "Bata mmoja! Punda mmoja! Huo ni ufugaji wa namna gani?"

Nakiete akawajibu, "Nawafuga kwa kuwa nawapenda. Mbona waume zenu wanafuga ndevu na hamwaulizi faida yake?"

Kila asubuhi Nakiete aliingia zizini, akaketi kwenye kigoda, akawajulia hali mmoja mmoja. Sikudhani alisimulia ndoto zake. Kidawa alimsengenya jogoo wa jirani. Taratibu alieleza mgongo wake ulivyoamka. Bi Mashavu, ambaye alishinda mferejini, alileta habari za maji. Vicheko vilifika mpaka karakana ya Senkondo, naye akatikisa kichwa na kuendelea kuchonga. "Mwanamke anapoteza asubuhi nzima na mbuzi," alisema.

Ikatokea siku moja akaja mjumbe kutoka ng'ambo ya mlima, anahema. Binti yao, Namkunda, amejifungua! Mtoto wa kike, mzima, na sauti yake inapasua paa!

Nakiete akapiga vigelegele mpaka Bi Mashavu akarukia juu ya kinu. Akafunga mzigo wake papo hapo.

"Baba Namkunda," akasema, "nakwenda kumtunza mwanangu. Siku ya nane nitarudi naye na mtoto, apumzike hapa kwetu arobaini yake. Nataka nikute maziwa kwenye kibuyu. Je, utawaweza wanyama?"

Senkondo akacheka. "Mama Namkunda, mimi nimechonga kinu cha mti mgumu kama jiwe, nitashindwa na mbuzi? Nitawalisha, nitawanywesha, nitawafungia. Kuna nini kingine?"

"Wajulie hali kabla hujawagusa."

"Nitawalisha, nitawanywesha, nitawafungia," akarudia Senkondo.

Nakiete akamtazama. Akajitwika mzigo, akaenda zake kwa mjukuu.

Asubuhi ya kwanza Senkondo akaingia zizini na majani. Hakusema neno. Akamwaga majani, akamwaga maji, akafunga mlango. Kisha akachukua kibuyu, akachuchumaa chini ya Sikudhani, akashika chuchu.

"Aii!" akasema Sikudhani. "Mikono ya baridi!"

"Tulia wewe."

Sikudhani akageuza kichwa taratibu. "Umetulisha, umetunywesha, umetufungia. Bado."

"Bado nini?"

Lakini hakungoja ajibiwe. Senkondo akavuta. Akavuta tena. Akavuta kwa mikono miwili mpaka jasho likamtoka puani. Hata tone moja halikuanguka. Alipoinuka kujifuta jasho, akapapasa kichwani. Kofia hakuna. Akageuka, akamwona Kidawa anatafuna polepole.

"Kidawa! Hiyo ni kofia yangu!"

"Ilikuwa," akasema Kidawa. "Tena ina chumvi nyingi."

Siku hiyo Senkondo alikula ugali mkavu. Alipotaka kwenda kuleta udongo wa kukandika karakana, Taratibu alikaa chini katikati ya njia, akakaa hasa, kama mtu aliyealikwa. Bi Mashavu yeye alitoka asubuhi, akarudi jioni, akamzunguka Senkondo mara tatu akipiga kelele, "Kwa! Kwa! Kwa!" Senkondo akamfukuza kwa ufagio.

Siku ya pili Senkondo akaamka na akili mpya. Akasema moyoni, hawa wamemzoea mke wangu, basi nitakuwa mke wangu. Akatoa kanga mbili za Nakiete kwenye kamba. Moja akajifunga kiunoni, nyingine akajifunika kichwani. Akaingia zizini kwa hatua ndogo ndogo, akabana pua, akasema kwa sauti nyembamba, "Haya wanangu, mama yenu nimefika!"

Wote wakageuza vichwa.

Kidawa akamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Mama," akasema, "ndevu hizi umezipata lini?"

Taratibu akaanza kucheka. Mnajua punda akicheka! Ukuta ulitikisika. Kidawa akacheka mpaka miguu ya mbele ikamkunjika. Hata Sikudhani, mpole wa watu, alicheka kwa pua, na upepo wa pua yake ukaipeperusha kanga ya kichwani. Ila kucheka alicheka, maziwa hakutoa.

"Nimewalisha, nimewanywesha, nimewafungia!" akafoka Senkondo kwa sauti yake mwenyewe.

"Bado," akasema Sikudhani.

Senkondo akatoka kwa hasira, akasahau alivyovaa, akakutana uso kwa uso na jirani yake Mchome. Huyu Mchome ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndiva, yaani lile bwawa la kijiji lililokuwa juu ya mashamba, lililozuiwa kwa tuta nene la udongo. Yeye ndiye aliyefungua maji asubuhi na kuyafunga jioni.

Mchome akasimama. Akainama kidogo kwa adabu. "Shikamoo, shemeji Nakiete. Niliambiwa umesafiri. Naona safari imekurefusha."

Senkondo akaingia ndani, akajifungia mlango.

Na jioni hiyo tena Bi Mashavu akamfuata mpaka kizingitini. "Kwa! Kwa! Kwa!" Akamfukuza tena.

Siku ya tatu, jamani, mambo yakawa mengine. Senkondo alipofika zizini hakusikia mzaha wowote. Sikudhani alikuwa amesimama, miguu ya nyuma ameitanua, kichwa ameinamisha. Kiwele kilikuwa kimejaa, kimekaza, kinang'aa. Majani ya jana yalikuwa palepale. Kidawa mwenye maneno alikuwa amelala ubavuni pa ukuta, amenyamaza.

Senkondo akasimama mlangoni na kibuyu chake mkononi. Hofu ikamshika. Akamkumbuka binti yake atakayekuja na mtoto mchanga. Lakini zaidi ya hayo, aliona macho ya yule ng'ombe, akaona kwamba ng'ombe ana maumivu. Akaweka kibuyu chini. Akasogea.

"Sikudhani," akasema. "Unaumwa?"

Tangu azaliwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwuliza mnyama kitu na kungoja jibu.

"Naumwa, Baba Namkunda," akasema Sikudhani. "Naumwa tangu jana."

"Kwa nini ukazuia maziwa hata ukajiumiza?"

"Sikuyazuia. Hayashuki tu. Mtu ananijia na mikono ya baridi, hanisemeshi, ananivuta kama kamba ya kisima. Mwili wangu unaogopa. Nilitaka kukwambia. Hukuuliza."

Senkondo akageuka. Akaenda jikoni, akapasha maji moto, akachovya kitambaa, akarudi. Akaketi kwenye kile kigoda. Kigoda hicho alikichonga yeye, lakini hakuwahi kukikalia. Akakikanda kile kiwele polepole, huku akiuliza, hapa je? Hapa je? Na hapa? Naye Sikudhani akamweleza. Akamweleza pia habari ya inzi wa mchana, na ndoto yake ya shamba la miwa lisilo na mwenyewe. Senkondo akasikiliza. Akacheka pale pa miwa. Na alipocheka, maziwa yakashuka. Chwaa! Chwaa! Chwaa! Kibuyu kikajaa, akaleta cha pili.

Ng'ombe akashusha pumzi ndefu, akaanza kula.

"Na wewe, Kidawa," akasema Senkondo, "habari zako?"

"Loo!" Kidawa akaruka kama aliyechomwa na moto. "Siku tatu nimebana maneno! Keti vizuri, Baba Namkunda. Kwanza, jogoo wa Mchome..."

Nisiwachoshe na ya Kidawa. Alisema mpaka jua likapanda. Taratibu naye akaulizwa, akasema hakukaa njiani kwa ukaidi, bali kuna kijiwe kwenye kwato ya kushoto. Senkondo akakitoa kwa ncha ya kisu. Taratibu akakanyaga mara moja, mara mbili, mara tatu, akasema, "Ahsante. Sasa nitakwenda hata nusu ya dunia, ila polepole."

Amebaki nani? Enhe, bata. Bi Mashavu alikuwa amesimama kizingitini, shingo ndefu.

"Na wewe, Bi Mashavu? Habari za maji?"

"Unauliza leo!" akasema bata. "Habari hii nimeibeba siku tatu. Nimekuja nayo jana, nimekula ufagio. Maji ya ndiva yanapiga mluzi."

"Mluzi?"

"Chini ya tuta, upande wa miwa. Siku ya kwanza yalinong'ona. Siku ya pili yaliimba. Leo yanapiga mluzi, na mluzi unazidi kuwa mnene. Mimi ni bata. Najua sauti ya maji yanayotaka kutoka."

Senkondo akainuka hata kigoda kikaanguka. Ndiva ile ilikuwa juu ya nyumba zote. Tuta likikatika, yatasombwa mashamba, nyumba, kila kitu, na waliomo.

Akambeba bata kwapani, akakimbia.

Akamkuta Mchome amekaa juu ya tuta, anatafuna muwa.

"Jirani, tuta linavuja! Inuka, shuka usikilize!"

Mchome akamtazama yeye, akamtazama na bata. "Nani kakwambia?"

"Huyu."

"Bata."

"Ndiyo, bata."

"Jana umevaa kanga, leo umetumwa na bata," akasema Mchome. "Senkondo ndugu yangu, mkeo arudi upesi."

Senkondo akaona haya, lakini haya haikumzuia. Akamshika Mchome mkono, akamvuta mpaka chini upande wa miwa. "Nicheke ukitaka, nicheke mpaka kesho. Ila kwanza weka sikio."

Mchome akalala kifudifudi, sikio kwenye udongo, bado anatabasamu.

Fyuuuuu.

Tabasamu likamtoka. Akasukuma majani kwa mkono. Chini yake palikuwa na tundu la ngumi, na maji yanatoka, mekundu kwa udongo.

Mchome akainuka. Akakimbilia baragumu lake, akalipiga mara tatu, na mlima mzima ukasikia.

Watu wakaja na majembe, wakaja na vikapu, wakaja na vigogo vya migomba. Wanawake wakachimba udongo wa mfinyanzi. Taratibu akafungwa matandiko, Senkondo akamwuliza, "Mgongo haujambo?" Akajibu, "Leo haujambo." Akabeba mawe, akarudi, akabeba mawe, akarudi, akabeba mawe mpaka watu wakaacha kuhesabu. Lakini kila udongo uliotiwa tunduni ulisukumwa nje. Tundu lilikuwa ngumi, likawa kichwa, likawa kikapu.

"Tunahitaji kizibo!" akalia Mchome. "Kitu kizito, cha mviringo, kisichooza!"

Senkondo akasimama kidogo. Nyumbani alikuwa na gogo la mti mgumu alilolichagua mwenyewe msituni, na nusu alikwisha kulichonga. Kilikuwa kinu cha Namkunda, zawadi ya uzazi, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Akaenda mbio, akarudi nalo begani, shingo imemvimba. Hakulitazama mara ya pili. Wakaliingiza tunduni, wanaume sita wakaligonga kwa nyundo za mbao. Ngo! Ngo! Ngo! Maji yakapungua. Yakawa uzi. Yakawa jasho tu.

"Udongo sasa!" akasema Mchome. "Ukanyagwe sana, usibaki mwanya!"

Hapo Kidawa akapanda juu ya jiwe. "Mbuzi wenzangu!" akaita. "Mnaambiwa kila siku msikanyage. Leo mnaombwa mkanyage!"

Wakaja mbuzi wa kijiji kizima, wakapanda tutani, kwato ndogo ndogo, ta-ta-ta-ta-ta! Wakakanyaga kwenda, wakakanyaga kurudi, Kidawa mbele akiimba, watu wakipiga makofi, watoto wakicheza nyuma yao, mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu. Mchome mwenyewe alicheza. Kulipoanza kupoa jioni, Bi Mashavu akaingia majini, akaogelea karibu na tuta, akasimama, akasikiliza. Watu wote wakasogea ukingoni.

"Yamelala," akasema bata.

Kelele iliyopigwa hapo! Vibuyu viwili vya maziwa ya Sikudhani vilizunguka mkono kwa mkono, kila mtu akapata funda. Na Mchome akatoa muwa wake uliobaki, akaumenya, akaukata vipande, akampelekea bata kwa mikono miwili.

Siku zilizobaki zilikuwaje? Zilikuwa za raha. Senkondo alikaa zizini asubuhi, akasimuliwa, akasimulia. Aligundua kwamba Sikudhani ni mwongo kidogo katika ndoto zake. Aligundua kwamba Taratibu anapenda kusifiwa masikio. Kidawa alimfundisha kusengenya, naye akawa mwanafunzi hodari sana.

Siku ya nane Nakiete akarudi, Namkunda nyuma yake, mtoto mgongoni. Toka njiani akasikia zogo zizini. "Si kweli!" "Ni kweli, niliona mwenyewe!" "Hebu rudia hapo alipoanguka!" Akachungulia mlangoni, akamwona mume wake fundi, mchonga vinu, amekaa kwenye kigoda, mbuzi kamlalia mapajani, anacheka mpaka anajifuta machozi.

"Hodi!" akasema Nakiete.

Wakageuka wote, wakapiga kelele kwa furaha. Wakamzunguka Namkunda, wakamtazama mtoto. Mtoto akapiga chafya, na Taratibu akasema hajawahi kusikia hotuba nzuri kama hiyo. Maziwa yalikuwepo, yamejaa vibuyu vitatu.

Lakini jioni, Nakiete alipokwenda kukamua, Sikudhani aligeuza kichwa kutafuta kitu nyuma yake. "Baba Namkunda yuko wapi?" akauliza. "Sijammalizia ya jana."

Nakiete akasimama na kibuyu. Moyo ukamchoma kidogo, tusidanganyane. "Siku nane tu!" akasema. "Siku nane tu nimeondoka!" Kisha akaanza kucheka, akacheka na macho yakamlenga, akaenda kumwita mumewe.

Kesho yake, jua lilipotoka, Nakiete alifumbua macho, akataka kuinuka kama alivyoinuka kila siku tangu aolewe. Akapapasa kitandani. Senkondo hayupo. Kutoka zizini akasikia sauti yake, "Haya, mmelalaje?" na sauti nne zikimjibu kwa pamoja.

Mjukuu alikuwa amelala kifuani pake, mdogo, wa moto, ananuka maziwa.

Namkunda akachungulia chumbani. "Mama, jua limepanda. Huamki?"

Nakiete akavuta shuka, akamfunika mtoto vizuri. "Nani, mimi?" akasema. "Mimi bado nimelala." Akafumba macho, na kweli akalala.

Na hadithi yangu, wasikilizaji wangu, imeishia hapo hapo kitandani pa Nakiete. Ikiwa nzuri ichukueni mwende nayo, ikiwa mbaya niachieni mimi. Haya, mahindi yameiva. Nani ananimegea?